Kibandiko cha Kijani

Alikuja Jumanne, tai yake ina vipepeo,
kijana wa kampuni ya ushauri kutoka Upper Hill,
akabandika kibandiko cha kijani
juu ya geji namba nne:
TAYARI KWA MWAKA 2000.

Geji namba nne haijui hata kama ni Jumanne.
Ina mshale tu, na kioo kilichopasuka
siku Olweny alipoigonga kwa spana
ili mshale ukumbuke kazi.
Tangu nihamishiwe hapa Embakasi,
mwaka wa kumi na saba huu,
tunaigonga, inakumbuka.
Sasa imefaulu mtihani ambao haikuukalia.

Nikamuuliza: na lile sanduku la kijivu,
lililoletwa mwaka juzi ndani ya kreti ya mbao,
lenye maandishi ya Kijerumani
na kitaa chekundu kinachokonyeza?
Hilo ndilo lenye saa tumboni.
Akasema limethibitishwa.
Umelifungua?
Akasema ipo barua.
Umelifungua, mwanangu?
Akatazama saa ya mkononi.
Nilijua ufunguo uliondoka na Mjerumani aliyelifunga.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tayari:
kwa barua.

Redioni msemaji anawatuliza wananchi,
sauti yake laini kama siagi iliyosahauliwa mezani.
Kayole wananunua mishumaa kwa katoni,
na bei ya mafuta ya taa imepanda
bila kungoja usiku wa manane.
Syombua wangu akajaza maji
kila chombo chenye mdomo, hata buli.
"Si wewe ndiye mwenye stima?"
Ndiyo maana nasema jaza.

Usiku wenyewe tulikuwa watu sita,
kreti moja ya soda,
na meneja kwa simu, kutoka Nyali.
Saa tatu na nusu, Umoja ikazima.
Moyo ukaniruka: mbona mapema hivi?
Kumbe transfoma imekamuliwa mafuta
na wale wanaoyauza kukaangia viazi.
Mdudu wa milenia alikuwa bado safarini;
wetu wa kila siku hakosi zamu.

Saa sita kasoro dakika moja.
Olweny ameshika spana.
Kitaa chekundu kinakonyeza.
Musembi bawabu amevua kofia,
sijui alikuwa akimuaga nani.
Mshale: hamsini.
Hamsini.
Hamsini kasoro unywele.
Hamsini.

Kisha honi kote Outering, mbwa, mapipa yanagongwa,
na mji unawaka hadi Ngong
kama haukupata habari yoyote.
Tukatazamana, watu sita
waliovaa makoti ya mvua juani.
Simu ikalia. "Si niliwaambia?"
Hakutuambia kitu. Alituma kibandiko.

Sisemi nilikuwa sahihi.
Aliyevuka barabara amefumba macho
akafika ng'ambo, amefika.
Lakini msinipe kesho nimfuate.

Mwisho wa Januari, Bi Kagendo wa uhasibu
akanisogezea karatasi bila kuniangalia.
Zamu ya usiku, saa nane za ziada: IMEKATALIWA.
Tarehe ya kazi: 1 Januari 1900.
Sababu: mhusika alikuwa hajaajiriwa.

Nikaisoma mara tatu chini ya balbu
ambayo, lazima nikiri, iliwaka vizuri.
Elfu moja mia tisa:
mahema ya watu wa reli, tope, vyura,
fisi anakatiza palepale iliposimama benki,
nguzo hakuna, waya hakuna,
na mimi peke yangu gizani,
nimekalia kreti ya soda,
nalinda stima ambayo haijafika,
sina malipo,
sijazaliwa.